Nyotamkia hupitaje ndani ya korona ya Jua na kutoka upande wa pili?

Kivulimwezi ameuliza:

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote.

Nimekuwa nikisoma habari za nyotamkia ya Lovejoy, ile iliyogunduliwa na Terry Lovejoy wa Australia mwishoni mwa Novemba 2011, na kuna jambo ambalo bado halijanikaa sawa kichwani. Tarehe 16 Desemba mwaka huo nyotamkia hiyo ilipita kilomita zipatazo 140,000 tu juu ya uso wa Jua, yaani ndani kabisa ya korona, tabaka la nje la gesi linalolizunguka Jua, ambayo kila kitabu hutuambia kuwa halijoto yake inazidi nyuzi milioni moja. Wataalamu wengi walikuwa wameshaikatia tamaa. Hata hivyo, muda mfupi baadaye ilionekana ikichomoza upande wa pili wa Jua, na mkia wake ukaanza kukua upya.

Ninaomba mwenye ujuzi anifafanulie mambo matatu. Kwanza, inawezekanaje donge la barafu na vumbi lipite katika nyuzi milioni moja na kubakiza chochote? Pili, vyombo vilivyo angani huwezaje kuona kitu hafifu namna hiyo kando ya Jua lenyewe, ilhali sisi tukilitazama Jua kwa sekunde moja tu macho yanadhurika? Tatu, na hili ndilo linalonisumbua zaidi, je, kuna sayansi ya maana inayopatikana hapo, au watafiti wanaifuatilia kwa sababu inapendeza kutazama?

Mzingo amejibu:

Ndugu Kivulimwezi, nitajibu swali la kwanza na kuwaachia wengine yaliyobaki.

Ugumu unaouona unatokana na vitu viwili ambavyo hapa duniani huenda pamoja, lakini katika korona vimeachana mbali sana, navyo ni halijoto na kiasi cha joto kinachokifikia kitu. Halijoto hueleza jinsi chembe zinavyokwenda kasi. Elektroni na ioni (atomu zilizopoteza elektroni) za korona zinakimbia mno, na ndiyo maana kipimo hufika nyuzi milioni moja, mbili, na hata zaidi. Lakini chembe zenyewe ni chache kupita kiasi. Sentimita moja ya ujazo ya hewa ya usawa wa bahari ina molekuli nyingi kiasi cha 25 ikifuatwa na sufuri 18, ilhali ujazo huohuo katika sehemu ya chini ya korona una chembe kati ya milioni mia moja na bilioni moja hivi. Maana yake ni kwamba korona ni nyembamba kuliko hewa yetu kwa zaidi ya mara bilioni kumi. Chembe moja moja ina nishati kubwa, lakini zinazoligonga donge hilo la barafu hazitoshi kulimaliza katika muda mfupi linaokuwa humo.

Adui halisi wa nyotamkia ni mwanga wa uso wa Jua, ule wenye nyuzi 5,500 tu za Selsiasi. Dunia hupokea kutoka kwa Jua takriban wati 1,361 kwa kila mita ya mraba. Lovejoy ilipokuwa karibu zaidi na Jua, umbali wake hadi kitovu cha Jua ulikuwa sehemu ndogo sana ya umbali wetu, na kwa kuwa nguvu ya mwanga hubadilika kwa kipeo cha pili cha umbali, ilikuwa ikipigwa na mwanga mkali zaidi ya mara elfu thelathini kuliko huu tunaoupata sisi. Hizo ni zaidi ya megawati 40 kwa kila mita ya mraba, na huo ni moto wa kweli.

Basi ilinusurikaje? Barafu iliyo katika ombwe haiyeyuki ikawa maji, bali hugeuka mvuke moja kwa moja, na mgeuko huo hula nishati nyingi sana, kwa hiyo sehemu kubwa ya joto linaloingia huishia kwenye tabaka la juu na kuondoka pamoja na mvuke. Kiini chenyewe ni mchanganyiko wa barafu na vumbi wenye matundu mengi, usiopitisha joto kwa urahisi, hivyo undani wake hubaki baridi wakati ganda linachomeka. Isitoshe, katika eneo lile nyotamkia huwa inakwenda zaidi ya kilomita 500 kwa sekunde, na kipindi cha hatari kubwa kabisa hupimwa kwa saa tu. Kwa hiyo swali huwa ni la unene: je, kiini kimefika na tabaka ngapi, na Jua litachukua ngapi kabla hakijaondoka? Nyotamkia zenye upana wa mita chache au makumi ya mita hazifiki hata kwenye sehemu ya karibu kabisa ya njia yao. Lovejoy inakadiriwa kuwa na upana wa mita mia kadhaa.

Ningependa tu tusiseme kwamba ilitoka salama. Siku chache baada ya kulizunguka Jua, kiini chake kilisambaratika, na kilichobaki kikionekana angani ulikuwa mkia usio na kichwa.

Darubini ya Usiku amejibu:

Nashukuru kwa maelezo ya ndugu Mzingo. Mimi nimekuwa nikifuatilia picha za vyombo hivi kwa muda mrefu, kwa hiyo nitalichukua swali la pili, na mniwie radhi nikirefusha.

Korona, hata karibu na ukingo wa Jua, ina mwanga dhaifu kuliko uso wa Jua kwa takriban mara milioni moja, na kadiri unavyosogea nje ndivyo unavyozidi kufifia. Kutoka ardhini kuna kikwazo cha pili, nacho ni anga letu, ambalo hutawanya mwanga wa Jua kiasi kwamba ule weupe wa buluu unaolizunguka Jua mchana unaimeza korona yote. Kwa karne nyingi watu waliiona korona kwa dakika chache tu, wakati wa kupatwa kwa Jua kikamilifu. Katika miaka ya 1930 Bernard Lyot wa Ufaransa alitengeneza koronagrafu, yaani darubini yenye kisahani ndani yake cha kuliziba Jua, na akaitumia juu ya mlima Pic du Midi ambako hewa ni safi. Hata hivyo, ni sehemu ya ndani tu ya korona aliyoweza kuifikia. Ili kuiona korona pana ilibidi kutoka nje ya hewa kabisa.

Setilaiti ya OSO-7 ilikuwa na chombo cha namna hiyo mwaka 1971. Baadaye ikafuata Solwind, iliyobebwa na setilaiti ya P78-1, na katika picha zake za tarehe 30 Agosti 1979 ndimo ilimoonekana nyotamkia ikilielekea Jua, ikapita nyuma ya kisahani na isirudi tena. Hiyo inajulikana kama Howard-Koomen-Michels, na ni ya kwanza kugunduliwa kwa chombo cha angani. Waliokijenga chombo hicho walikuwa wakitafuta milipuko ya korona, yaani mawingu makubwa ya gesi yanayorushwa nje na Jua. Hawakuwa na habari kabisa kwamba wangepata nyotamkia.

Kilichobadilisha kila kitu ni SOHO, chombo cha Shirika la Anga la Ulaya na NASA, kilichorushwa tarehe 2 Desemba 1995. Kiko kilomita milioni 1.5 kutoka Duniani kuelekea Jua, mahali ambapo Jua halichwi na Dunia haizibi chochote, kwa hiyo kinaweza kutazama mchana na usiku wetu bila kukatizwa. Ndani yake mna koronagrafu za LASCO. Awali zilikuwa tatu, lakini ile ya C1, iliyotazama karibu kabisa na ukingo wa Jua, haikupona baada ya mawasiliano na SOHO kupotea kwa wiki kadhaa mwaka 1998. Zilizobaki ni C2, inayoonyesha kuanzia takriban nusukipenyo mbili hadi sita za Jua, na C3, inayofika nusukipenyo thelathini.

Ukifungua picha ya C3 utaona eneo lililotiwa rangi ya buluu, na katikati pana duara jeusi lenye mviringo mwembamba mweupe uliochorwa kuonyesha Jua lilipo na ukubwa wake. Kutoka kwenye duara hilo unatoka mkono wa giza hadi pembeni mwa picha; huo ndio mhimili unaokishika kisahani. Sayari ikiwamo, kama Zuhura, itakuwa na mstari mweupe uliolala kushoto na kulia, kwa sababu mwanga umeizidi kamera na chaji imemwagikia kwenye vitone vya jirani. Halafu kuna madoa mengi meupe yaliyotapakaa bila mpango. Hayo ni michubuko ya chembe zenye nishati kubwa zinazoigonga kamera, na hutokea katika picha moja tu kisha yasionekane katika inayofuata. Nyota husogea polepole, zote pamoja, kutoka kushoto kwenda kulia. Sasa tafuta kitone kimoja ambacho katika kila picha, dakika kumi na mbili baada ya iliyotangulia, kimesogea hatua moja kuelekea Jua, kwa mwendo usiofanana na wa nyota, na ambacho hatua zake zinarefuka. Hiyo ndiyo nyotamkia. Nyingi hazina mkia unaoonekana. Ni kitone kinachong'aa kwa saa kadhaa kisha kinafifia kabla hakijafika kwenye kisahani.

Kung'aa huko kuna sababu nzuri. Kichujio cha rangi ya machungwa ambacho LASCO hukitumia mara kwa mara hupitisha mwanga wa sodiamu, na joto likizidi, chembe za vumbi hutoa sodiamu kwa wingi. Hivyo hata kipande chenye upana wa mita kumi tu kinaweza kuonekana kutoka umbali wa kilomita milioni 150.

Machi 2024 SOHO ilifikisha nyotamkia yake ya 5,000. Sehemu kubwa ya hizo hazikupatikana na watafiti wanaolipwa, bali na watu wa kujitolea wanaopitia picha hizo nyumbani kwao kupitia mradi wa Sungrazer, unaoongozwa na Karl Battams wa Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji la Marekani. Takriban asilimia 85 ni za ukoo mmoja, ukoo wa Kreutz, uliopewa jina la Heinrich Kreutz, Mjerumani aliyeonyesha mwishoni mwa karne ya 19 kwamba nyotamkia kadhaa kubwa zilizopita karibu sana na Jua, zikiwamo zile za 1843 na 1882, zinafuata njia karibu ileile na hivyo ni vipande vya kitu kimoja kilichovunjika zamani. Ikeya-Seki ya 1965 ni ya ukoo huo, na Lovejoy pia.

Kivulimwezi ameandika:

Nawashukuru sana ndugu zangu Mzingo na Darubini ya Usiku. Hoja ya wembamba wa korona imenifungua macho, na jana nimekaa muda mrefu nikizitazama picha za C3 kwa namna iliyoelezwa hapa.

Lakini sasa swali langu la tatu limezidi uzito. Tarehe 24 Desemba 2024 chombo cha Parker Solar Probe kilifika kilomita milioni 6.1 kutoka uso wa Jua, na kabla ya hapo, mwezi Aprili 2021, kilikuwa kimekwisha kuingia ndani ya korona na kupima kila kitu kwa vipimo vyake vyenyewe. Kama tuna chombo chenye ala za kisasa humo ndani, nyotamkia inatuambia nini ambacho chombo hicho hakituambii?

Upepo wa Mashariki amejibu:

Ndugu Kivulimwezi, linganisha tarakimu zako mwenyewe. Parker ilifika kilomita milioni 6.1. Lovejoy ilipita kwenye kilomita 140,000, yaani ilikuwa karibu na uso wa Jua zaidi ya mara arobaini. Hakuna chombo kilichotengenezwa na binadamu kilichowahi kufika huko. Kwa sehemu ya chini ya korona, ambako milipuko huanzia na ambako gesi hupashwa joto kwa namna ambayo bado inabishaniwa, nyotamkia ndiyo kitu pekee kigeni kinachoingia na kuacha alama tunayoweza kuisoma kutoka mbali. Nadhani watu wengi hawajaupa ukweli huo uzito unaostahili.

Ngoja nianzie nyuma kidogo, kwa sababu elimu yetu ya upepo wa Jua yenyewe ilianzia kwenye mikia ya nyotamkia. Nyotamkia huwa na mikia miwili. Ule wa vumbi umejikunja na husukumwa na mwanga. Wa pili ni wa gesi yenye chaji, mwembamba na ulionyooka, na siku zote huelekea upande ulio kinyume na Jua, hata pale nyotamkia inapoondoka, ikawa mkia umetangulia mbele. Mwaka 1951 Ludwig Biermann wa Ujerumani aliangalia jinsi mafundo ya gesi katika mikia hiyo yanavyoongezeka kasi, akaona kwamba msukumo wa mwanga pekee hauwezi kuyapa mwendo ule, na akahitimisha kwamba lazima Jua linatoa chembe nyakati zote na pande zote. Mwaka 1958 Eugene Parker akaeleza kwa hesabu kwamba korona ina joto kubwa mno kiasi cha kutoweza kutulia mahali pake, hivyo ni lazima itiririke kwenda nje. Chombo cha Mariner 2 kililithibitisha hilo mwaka 1962 kilipokuwa njiani kwenda Zuhura. Chombo unachokitaja kimepewa jina la mtu huyo, na hoja yake ilipata nguvu kutoka kwa nyotamkia.

Sasa tuje kwenye korona yenyewe. Setilaiti ya SDO, iliyorushwa Februari 2010, hupiga picha za Jua zima kila baada ya sekunde kumi na mbili kwa mwanga wa urujuanimno mkali, ambao jicho haliuoni na ambao hutolewa na gesi ya korona badala ya uso wa Jua. Tarehe 6 Julai 2011 ilionyesha nyotamkia ndogo ya ukoo wa Kreutz, C/2011 N3, ikikatiza mbele ya Jua kwa takriban dakika ishirini hadi ikatoweka kabisa ikiwa bado iko juu ya uso kwa umbali wa kilomita kama 100,000. Miezi mitano baadaye ilikuwa zamu ya Lovejoy, na safari hii watafiti walikuwa wamejiandaa, hata wakaigeuza SDO kidogo kutoka mwelekeo wake wa kawaida ili waiwahi.

Kilichoonekana kinastahili kuelezwa kwa utulivu. Mvuke wa maji unaotoka kwenye kiini huvunjwavunjwa na mwanga kuwa hidrojeni na oksijeni. Atomu ya oksijeni ikishaingia katika gesi ya nyuzi milioni moja hupokonywa elektroni moja, kisha ya pili, kisha ya tatu, na katika kila hatua hutoa mwanga wa aina yake kabla ya kufika hatua inayofuata. Kasi ya mapokonyo hayo hutegemea wingi wa elektroni zilizopo mahali pale, kwa hiyo ukipima jinsi mng'ao unavyofifia nyuma ya nyotamkia unapata msongamano wa korona katika mstari ilikopita. Lakini kuna zaidi. Ioni ina chaji, na kitu chenye chaji hakiwezi kukatiza mistari ya uga wa sumaku kwa hiari yake, hulazimika kuifuata. Mkia wa Lovejoy katika picha za SDO haukubaki nyuma yake kwenye njia iliyopita. Uligawanyika kuwa michirizi, ukapinda upande mmoja, na mbele kidogo ukapinda upande mwingine, kwa sababu kila mahali ioni zilikuwa zinashikwa na uga wa mahali hapo.

Uga wa sumaku wa korona ni mgumu sana kuupima moja kwa moja. Kwa kawaida watafiti huupima kwenye uso wa Jua, kisha hutumia kompyuta kukisia unavyoendelea juu. Mwaka 2013 Cooper Downs na wenzake walichapisha katika jarida la Science utafiti uliolinganisha michirizi ya Lovejoy na makisio hayo, wakaona kwamba baadhi ya makisio yanakubaliana na mkia na mengine hayakubaliani nao. Huo ni mtihani ambao hakuna njia nyingine iliyokuwa imeweza kuutoa. Kwa maoni yangu, hiyo pekee inatosha kujibu swali lako.

Mfano wa mwisho unatoka mbali zaidi na Jua. Tarehe 20 Aprili 2007 chombo kimoja kati ya viwili vya STEREO, vya NASA vya kulichunguza Jua, kilikuwa kikiitazama nyotamkia ya Encke ndani ya mzingo wa Utaridi wakati mlipuko wa korona ulipoifikia. Picha zinaonyesha mkia wote wa gesi ukikatika na kuchukuliwa, na mara moja mkia mwingine ukaanza kuota. Maelezo yanayokubaliwa ni kwamba mistari ya sumaku iliyokuja na mlipuko, yenye mwelekeo tofauti, iliungana na ile iliyokuwa imejikunja kuizunguka nyotamkia, na muungano huo ndio ulioukata mkia. Jambo hilohilo hutokea katika uga wa sumaku wa Dunia wakati wa dhoruba za Jua, na ndilo linaloweza kuvuruga setilaiti na mitambo ya umeme.

Kundinyota amejibu:

Nakubaliana na yote aliyoyasema Upepo wa Mashariki, ila naongeza tahadhari moja, kwa sababu habari za Lovejoy zimewafanya wengi waamini kwamba kila nyotamkia kubwa itatoka.

Nyotamkia ya ISON ilipita tarehe 28 Novemba 2013 kwa umbali mkubwa zaidi kuliko Lovejoy, zaidi ya kilomita milioni moja juu ya uso wa Jua, na bado ilisambaratika. Kilichoonekana kwenye LASCO baada ya hapo kilikuwa wingu la vumbi lililozidi kutawanyika. SDO iliitafuta katika mwanga wa urujuanimno mkali na haikuiona. Vivyo hivyo C/2024 S1, iliyogunduliwa tarehe 27 Septemba 2024 na kutarajiwa na wengi kuwa ya kupendeza, iliingia kwenye picha za LASCO ikiwa tayari imevunjika na ikaisha tarehe 28 Oktoba. Umbali peke yake hauamui. Ukubwa wa kiini, uimara wake na jinsi kilivyokwisha kupasuka kabla ya kufika ndivyo vinavyoamua, na hayo hatuwezi kuyaona mapema.

Kuhusu vyombo, SOHO imezeeka, lakini kazi hiyo haitakatika. Setilaiti ya GOES-19, iliyorushwa Juni 2024, ina koronagrafu ya CCOR-1, na picha zake ziko wazi kwa umma, kwa hiyo ndugu Kivulimwezi unaweza kuzipitia kwa njia ileile uliyofundishwa na Darubini ya Usiku. Linalonivutia zaidi ni Proba-3 ya Shirika la Anga la Ulaya, iliyorushwa kutoka India tarehe 5 Desemba 2024. Hiyo ni setilaiti mbili zinazoruka zikiwa zimeachana mita 150, moja ikiwa na kisahani chenye upana wa mita 1.4 kinachotupa kivuli juu ya darubini ya nyingine, na kwa mpangilio huo inaiona korona kuanzia karibu sana na ukingo wa Jua, kwenye nusukipenyo 1.1 hivi. Hilo ni eneo ambalo LASCO imelikosa tangu C1 ilipokufa, na ndilo hasa Lovejoy ilimopita. Shida ni kwamba Proba-3 huweza kujipanga hivyo kwa saa chache tu katika kila mzunguko, ilhali nyotamkia ya Kreutz hulivuka eneo hilo haraka mno. Ili kuikamata moja humo itabidi igunduliwe siku kadhaa kabla, njia yake ihesabiwe, na ratiba ya setilaiti ipangwe kuifuata. Kwa hiyo anayekiona kitone pembeni mwa picha ya C3 na kukitolea taarifa mapema anawapa watafiti muda wanaouhitaji.